Kwa nini mbwa aliyezoea nyama mbichi huhara akianzishiwa chakula kikavu?

Gharama ya nyama mbichi ikizidi, wengi hugeukia chakula kikavu cha mfuko. Siku ya pili mbwa anahara, na hukumu inatoka hapo hapo: mbwa ni mla nyama, tumbo lake haliwezi wanga, na chakula cha bei nafuu kinamdhuru.

Hoja ya wanga ndiyo iliyoenea kuliko zote, nayo inaanzia kwenye jambo la kweli: mbwa na mbwa mwitu (yule aitwaye wolf kwa Kiingereza) ni wa ukoo mmoja. Lakini mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, na wenzao walichapisha katika jarida la Nature ulinganisho wa jeni za wanyama hao wawili. Waliiangalia jeni ya AMY2B, inayoelekeza kongosho kutengeneza amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwa mwitu walikuwa na nakala 2. Mbwa walikuwa na kati ya 4 na 30! Huenda ni matokeo ya vizazi vingi vya kula makombo ya wakulima. Wanaotaja kwamba mate ya mbwa hayavunji wanga wanatazama mahali pasipo, kwa sababu kwa mbwa kazi hiyo hufanyika kwenye utumbo mwembamba. Tena wanga wa chakula kikavu umeshapikwa kwa mvuke na mgandamizo, hivyo huvunjika kwa urahisi. Ni kweli kwamba mbwa hawalingani: dingo (mbwa wa porini wa Australia) na baadhi ya mbwa wa maeneo ya baridi kali wana nakala chache.

Basi kuhara kunatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kunatokana na ghafla yenyewe. Utumbo mpana una bakteria wengi mno, na chakula cha kila siku ndicho kinachoamua ni wepi watakaostawi. Mbwa wa nyama mbichi ana wengi wanaoishi kwa protini, na wachache wanaochachusha nyuzi za nafaka na mboga. Fikiria kiwanja cha ujenzi kilichojaa maseremala, kisha lori likamwaga matofali. Hakuna aliye mgonjwa wala mvivu pale, ila waashi ni wawili tu, na matofali yanarundikana mpaka wenzao waitwe. Ndani ya utumbo, rundo hilo ni chakula ambacho hakijameng'enywa: huvuta maji na kutoa gesi. Kongosho nayo huhitaji siku kadhaa kurekebisha kiasi cha vimeng'enya.

Ndiyo maana madaktari wa mifugo hushauri kubadilisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya chakula kipya, halafu nusu, halafu robo tatu. Ratiba hiyo imejengwa zaidi juu ya uzoefu kuliko majaribio, na mwenye tumbo jepesi anaweza kuhitaji wiki mbili au tatu. Onyo kwamba nyama mbichi na chakula kikavu visikutane bakuli moja kwa kuwa humeng'enywa kwa kasi tofauti lina ushahidi mdogo sana.

Kipimo nacho huponza wengi. Nyama mbichi ni maji kwa takriban asilimia 70, chakula kikavu kwa takriban 10. Gramu 100 za chakula kikavu zina kama kalori 350, mara mbili ya nyama mbichi nyingi. Mbwa aliyekula gramu 600 za nyama anaweza kutosheka na gramu 300 au pungufu. Ukijaza bakuli lile lile, anaweza kuhara hata kama chakula ni bora. Kunywa maji mengi zaidi ni kawaida, na kinyesi kitakuwa kikubwa na laini kuliko kile kigumu cheupe cha mifupa.

Bei ndogo peke yake haimaanishi lishe duni. Angalia kama mfuko unasema ni lishe kamili yenye uwiano kwa umri wa mbwa wako. Ila damu kwenye kinyesi, kutapika mfululizo, kulegea, au mtoto wa mbwa anayehara ni mambo ya kumwona daktari siku hiyo hiyo.