Mafuta ya bangi, vipimo vya jeni na uvimbe usiosubiri: maswali ya wagonjwa wetu

Nahudumia wagonjwa wa saratani hapa Nairobi. Siku hizi wanakuja na chupa ndogo ya matone mkobani, pamoja na karatasi ya "vipimo vya jeni" iliyolipwa kwa pesa za harambee. Wameambiwa mafuta yao ya bangi yamepimwa kulingana na jeni zao. Wengi wameshamaliza miezi sita wakiweka matone chini ya ulimi, na uvimbe umekua muda wote huo.

Bangi ina nini hasa?

Ina kemikali nyingi. Zinazotajwa zaidi ni THC, inayolewesha, na CBD, isiyolewesha.

Inaponya saratani?

Hapana. Maabarani na kwa panya imeua baadhi ya seli za saratani, na habari hiyo ndiyo inayozungushwa kwenye simu. Kwa binadamu mambo ni mengine. Mwaka 2006 madaktari wa Hispania walichapisha matokeo ya wagonjwa 9 wenye saratani ya ubongo iliyorudi, waliowekewa THC ndani ya uvimbe wenyewe. Nusu yao hivi walifariki ndani ya wiki 24. Na mwaka 2024 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilitoa mwongozo kwamba bangi isitumiwe kutibu saratani yenyewe, isipokuwa ndani ya utafiti rasmi.

Lakini yangu imepimwa kwa jeni zangu. Hiyo si tofauti?

Wazo lenyewe lina msingi, ndiyo maana linawanasa hata watu waliosoma. Saratani za watu wawili zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kabisa ndani. THC hiyohiyo inayoua seli fulani maabarani iliongeza ukuaji wa seli za saratani ya koo inayotokana na virusi vya HPV, katika utafiti wa 2020. Ini nalo lina lake: kuna watu waliozaliwa na aina ya kimeng'enya CYP2C9 inayovunja THC polepole, kwa hiyo matone yaleyale yanayomtosha jirani yanawalevya wao kupita kiasi. Wanasayansi wanachunguza mambo haya, na wana haki ya kuyachunguza.

Ila nisikilize vizuri. Hakuna kipimo popote duniani leo kinachoweza kusoma jeni zako na kusema ni matone mangapi ya bangi yataondoa saratani yako. Hakuna. Aliyekuuzia karatasi hiyo amekuuzia karatasi tu.

Basi vipimo vya aina hiyo havina kazi?

Vina kazi kubwa, kwa dawa zilizothibitishwa. Kati ya wanawake 100 wenye saratani ya titi, 15 hadi 20 hivi wana protini ya HER2, inayochochea saratani kukua, iliyozidi kwenye uvimbe, na hao wana dawa yao, trastuzumabu. Kipimo hicho hufanywa kwenye kipande cha uvimbe chenyewe, kwa hiyo lazima ufanyiwe biopsi kwanza, yaani kutolewa kipande hicho. Wale wanaoikimbia biopsi wakidai sindano inasambaza saratani ndio haohao wanaolipia mate yao yapelekwe kusomwa jeni. Inaniuma sana.

Nijaribu mafuta miezi mitatu kwanza, kemo nije baadaye?

Hapana, mama. Hapana, baba. Ukiniuliza kesho nitakujibu vilevile.

Uvimbe ulio ndani ya titi peke yake mara nyingi unaweza kukatwa na mgonjwa akapona. Ukishafika kwenye mifupa au ini, tunaweza kuupunguza na kukutuliza maumivu, lakini kupona kunakuwa mbali mno. Miezi mitatu yaweza kuwa ndiyo umbali kati ya hali hizo mbili. Kivimbe titini, damu baada ya kukoma hedhi, kidonda cha mdomo kisichopona kwa wiki tatu: njoo wiki hii. Usingoje chupa iishe.

Na nikichanganya na dawa za hospitali?

Si salama kama unavyodhani. CBD huzuia vimeng'enya vya ini. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inaweza kurundikana ukaanza kutokwa damu, na tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi inayohitaji ini kuiamsha, inaweza kupungua nguvu. Nchini Israeli, utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha wagonjwa waliotumia bangi pamoja na nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani, hawakuitikia dawa kama wale wasioitumia.

Kwa kichefuchefu cha kemo, ni kweli Marekani iliidhinisha dronabinoli na nabiloni, dawa za maabara zinazofanya kazi kama THC, mwaka 1985. Hivyo ni vidonge vyenye kipimo kinachojulikana. Chupa ya mtaani, kwa vile bangi hapa Kenya imepigwa marufuku na sheria ya 1994, hakuna aliyeikagua, na wewe hujui unameza nini. Kichefuchefu tuambie sisi, ondansetroni ipo.

Nimeyatumia kwa miezi. Naogopa kumwambia daktari.

Mwambie leo, kabla hujawekewa dripu. Sisi si polisi na hatutakugombeza. Tunataka kujua ulikunywa kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ilikuwa lini, ili tusikupe dawa itakayogongana nayo. Ukija, ibebe na hiyo chupa.