Bolzano hakuwa padri aliyecheza na namba

"Mwalimu, mbona hili liko wazi? Tunathibitisha nini hasa?" Swali hili haliniachi kila tunapofika kwenye kanuni ya thamani ya kati. Anayeuliza si mvivu. Mara nyingi ni yule mwenye alama nzuri za kalkulasi kutoka sekondari, na ndiyo maana linanikera. Nikimtaja Bernard Bolzano, mwanahisabati wa Prague wa karne ya 19, kama mtu aliyelikataa jibu la "liko wazi", ndipo zinapomiminika hadithi nyingine: eti alikuwa padri aliyejiburudisha na hisabati, eti kazi yote ni ya Weierstrass, mwanahisabati wa Ujerumani, eti Cauchy, mwanahisabati wa Ufaransa, alimwibia. Nimechoka kuzijibu moja moja mlangoni mwa darasa.

"Kinachoonekana kwenye grafu hakihitaji uthibitisho"

Kanuni yenyewe mnaijua. Funksheni (utaratibu unaotoa namba moja kwa kila namba unayoiwekea) isiyokatika ikiwa hasi mwanzoni mwa kipande cha mstari wa namba na chanya mwishoni, basi mahali fulani katikati inakuwa sifuri. Mwanafunzi huchora mstari unaopanda kutoka chini ya mhimili wa x, huweka nukta pale unapokata, kisha huweka kalamu chini akiona amemaliza. Hajamaliza kitu. Amechora wino, na wino hauna matundu.

Chukua x² − 2. Ukiweka 1 unapata −1, ukiweka 2 unapata 2. Sasa chukulia kwamba namba zilizopo ni za sehemu tu, yaani zile zinazoandikika kama namba nzima juu ya namba nzima. Namba hizo zimesongamana: kati ya mbili zozote kuna nyingine zisizohesabika kwa vidole vya ukoo mzima. Grafu yake utaichora ile ile, na jicho halitaona tofauti. Funksheni nayo bado haikatiki, kwa maana ile ile tunayoifundisha. Lakini hakuna sehemu ambayo mraba wake ni 2. Kwa hiyo funksheni inatoka hasi hadi chanya bila kuwa sifuri hata mara moja.

Tatizo basi haliko kwenye funksheni. Liko kwenye mstari wa namba wenyewe, na mchoro hauwezi kukuonyesha hilo hata ungekuwa na rula ya dhahabu.

Mwaka 1817 Bolzano alichapisha Prague kijitabu kilichohusu jambo hili tu. Hakuwa na shaka kwamba kanuni ni ya kweli. Alichokipinga ni sababu zilizokuwa zikitolewa: wengine waliegemea jiometri, wengine mwendo wa nukta inayotoka upande mmoja kwenda mwingine na hivyo "lazima" ivuke katikati. Kwake huko kulikuwa kugeuza mambo kichwa chini. Ukweli kuhusu mistari ndio unaohitaji kuelezwa kwa ukweli kuhusu namba, na wao walikuwa wakifanya kinyume.

Akaanza upya. Funksheni haikatiki, alisema, ikiwa tofauti kati ya f(x + w) na f(x) inaweza kufanywa ndogo kuliko kiasi chochote utakachotaja, mradi w iwe ndogo vya kutosha. Humo hamna kalamu wala mwendo. Kisha akaweka sharti la mfuatano wa namba ambao hatua zake za mbele zinakaribiana kadiri upendavyo, lile ambalo leo vitabu vinalipa jina la Cauchy, ingawa kitabu cha Cauchy kilitoka 1821. Kisha akaonyesha, kwa kugawa kipande nusu kwa nusu bila kikomo, kwamba ipo namba kubwa kuliko zote, tuiite U, ambayo chini yake sifa fulani inashika daima. Sifa aliyoihitaji ni kuwa hasi. Pale kwenye U funksheni haiwezi kuwa hasi, haiwezi kuwa chanya, inabaki sifuri.

Na bado kulikuwa na pengo. Alipojaribu kuthibitisha kwamba mfuatano wa namna ile lazima uwe na kikomo, yaani namba moja unayoikaribia, hakufanikiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameeleza namba halisi, zile zinazojaza mstari wote wa namba, ni nini. Maelezo hayo yalikuja 1872 kutoka kwa wanahisabati wawili, Dedekind kwa njia yake na Cantor kwa yake. Kwa hiyo kijana anayeniambia "liko wazi" anadai kuona kwa macho jambo lililomshinda Bolzano kulifunga, likasubiri miaka 55.

Ushauri wangu ni ule ule na sitaubadilisha: ukipewa kanuni, jiulize kwanza inazungumzia namba zipi, kisha ondoa sharti moja moja uone inavunjikia wapi. Kwangu grafu haipandi ubaoni mpaka mtu atoe mfano wa kuivunja. Wanasema mimi ni mgumu. Sawa tu.

"Alikuwa padri, hisabati ilikuwa burudani"

Upadri na shahada ya udaktari alivipata mwaka mmoja, 1805, na wakati huo tayari alikuwa amechapisha maandiko ya jiometri. Aliomba nafasi mbili za ualimu katika chuo kikuu cha Prague, ya hisabati na ya mafundisho ya dini. Ya hisabati ikaenda kwa Ladislav Jandera, yeye akapewa ya dini. Kama mambo yangekuwa kinyume, huenda leo tusingekuwa na hadithi hii ya padri na burudani yake. Mwaka 1818 alikuwa mkuu wa kitivo cha falsafa.

"Kanisa lilimfukuza kwa ajili ya hisabati zake"

Hapana, na hapa watu huchanganya mambo mawili. Aliyemwondoa ni Kaizari Franz I wa Austria, kwa amri ya mwishoni mwa 1819. Nafasi ile ya dini ilianzishwa ili kuwatuliza wanafunzi wasichukuliwe na fikra mpya. Bolzano akaitumia kuwahubiria dhidi ya vita na dhidi ya upendeleo wa kitabaka. Akakataa pia kufundishia kitabu cha Jakob Frint, padri wa ikulu. Uchunguzi wa upande wa Kanisa uliendelea hadi 1825, na alipotakiwa kukana maneno yake, hakukana. Hisabati haikumo kabisa kwenye mashtaka.

Lakini hisabati ndiyo iliyoumia. Alizuiwa kufundisha na kuhubiri, na kuchapisha kukawa taabu. Akaenda kuishi kijijini Těchobuz, kwa familia ya Hoffmann iliyomlea miaka mingi, huku mapafu yakimsumbua. Kitabu chake kikubwa cha mantiki, juzuu nne, kilitoka 1837 Sulzbach, Bavaria, nje ya himaya ya Austria. Maandishi mengi ya hisabati yalibaki kabatini.

"Weierstrass alifanya kazi, Bolzano akabandikwa jina"

Kijitabu cha 1817 kilipotoka, Weierstrass alikuwa mtoto asiyezidi miaka miwili. Kuna zaidi. Funksheni isiyokatika lakini isiyo na tanjenti (mstari mnyoofu unaogusa grafu na kuonyesha mwelekeo wake) popote, ile ambayo Weierstrass aliionyesha Berlin mwaka 1872, ina dada yake mkubwa: Bolzano alijenga moja mnamo 1830. Haikujulikana mpaka Martin Jašek alipoikuta kwenye maandishi yake miaka ya mwanzo ya 1920.

Ila msimpe sifa isiyo yake. Alichothibitisha ni kwamba tanjenti inakosekana kwenye nukta zilizosongamana kila mahali. Kwamba inakosekana kwenye kila nukta, hilo lilithibitishwa baadaye na wanahisabati wa Prague, Vojtěch Jarník akiwa mmoja wao, mwaka 1922.

"Cauchy alimwibia"

Dai hilo lilizushwa na mwanahistoria mmoja miaka ya 1970, na wenzake wakalipinga upesi. Ushahidi wa wizi haupo. Wawili hao walikuja kukutana Prague, ambako Cauchy alikaa uhamishoni miaka ya 1830, na hawakugombana.

"Alishahesabu usio na mwisho kabla ya Cantor"

Karibu, lakini hapana. Katika kitabu kilichotolewa 1851, miaka mitatu baada ya kifo chake, na mwanafunzi wake František Příhonský, Bolzano anachukua namba kati ya 0 na 5 na zile kati ya 0 na 12, na kuzioanisha moja kwa moja kwa mlinganyo 5y = 12x. Hakuna inayobaki bila mwenzake upande wowote. Cantor angesema basi zinalingana kwa wingi. Bolzano hakusema hivyo; kwake za pili ziliendelea kuwa nyingi kuliko za kwanza, kwa kuwa za kwanza zote zimo ndani ya za pili na nyingine zinabaki.