Berlioz Hakumwandikia Louise Bertin Opera

Hapana, Hector Berlioz, mtunzi maarufu wa Ufaransa, hakumwandikia mtunzi mwenzake Louise Bertin opera yake. Nimechoka kulijibu hili. Kila nikimpigia piano mwimbaji kipande cha La Esmeralda, opera ya Bertin, hakosekani mjuaji wa kuninong'oneza kwamba "yule binti wa mwenye gazeti" alibebwa.

Ya msingi niyapitie haraka. Bertin alizaliwa 1805, akafundishwa muziki na Fétis na Reicha, na alitembea kwa magongo. Baba yake, yule mzee aliyejaa kitini katika picha maarufu ya mchoraji Ingres, alimiliki Journal des débats, gazeti lenye maadui tele. Novemba 1836 Opera ya Paris ikaonyesha La Esmeralda, maneno yakiwa ya mwandishi Victor Hugo mwenyewe kutoka riwaya yake Notre-Dame de Paris. Maonyesho sita, zomeazomea, basi.

Kwa sababu ya ulemavu wa Bertin, mazoezi ya waimbaji alikabidhiwa Berlioz. Uvumi ukaanzia hapo, ukaing'ang'ania aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya Quasimodo, mpiga kengele wa kanisa, na kengele zake, kwa kuwa ndiyo iliyopendwa. Ajabu hiyo! Kwaya zilizopwaya (zipo, na ningezikata bila huruma) ni za Bertin. Panaponoga tu, ni pa Berlioz.

Tena aria yenyewe ni mtego. Hugo aliiandika kwa vijistari vya mizani tatu tatu: Quasimodo anasema anapenda kila kilichopo pale, isipokuwa nafsi yake. Sisi tuliolelewa na mizani nane za utenzi tunajua mstari unavyohitaji pumzi. Mizani tatu zinakwisha kabla mwimbaji hajafungua kinywa vizuri. Berlioz alikana kuitunga. Alikiri kutoa ushauri kuhusu mwisho wake tu. Ushauri! Hiyo ndiyo kazi yetu chumba cha mazoezi. Nami huwaambia watunzi rudia hapa, fupisha pale, na sijaona jina langu kwenye bango.

Ila shahidi huyu, Berlioz, ananitia wasiwasi kidogo: alikuwa analipwa na gazeti hilohilo, akiandika uhakiki wa muziki. Angesema nini kingine?

Ndiyo maana mimi hukimbilia Fausto, opera nyingine ya Bertin. Bertin aliitoa Théâtre-Italien, jumba la opera za Kiitaliano mjini Paris, Machi 1831, kisa akiwa amekipanga mwenyewe kutoka tamthilia ya Mjerumani Goethe, wakati Berlioz ameshashinda Prix de Rome, tuzo ya kwenda kusoma Italia, na kuondoka Paris kwenda Italia. Siku hizi imerekodiwa, Christophe Rousset akiongoza okestra. Isikilizeni, kisha mniambie hiyo aliandikiwa na nani.