Je, wajua kwa nini shibiti imo katika dawa ya chango la watoto?

Mtoto mchanga akilia usiku kucha huku amekunja miguu tumboni, hakosi bibi au jirani wa kushauri ile chupa ya maji matamu yenye harufu ya viungo. Harufu hiyo, katika dawa ya kwanza ya aina hiyo, ilitokana na mafuta ya mbegu za shibiti, na sababu ya kuwekwa humo ni ya kale kuliko kiwanda chochote cha dawa.

Shibiti ni mmea wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na shamari. Majani yake ni membamba kama nyuzi, maua ni ya manjano, na mbegu zake ni bapa. Asili yake ni nchi za mashariki ya Mediterania na Asia ya Magharibi. Wamisri wa kale waliitumia kama dawa, na matawi yake yalikutwa katika kaburi la Farao Amenhotep wa Pili, aliyetawala zaidi ya miaka 3,400 iliyopita. Kwa Wayahudi ilikuwa na thamani ya kutosha kutolewa zaka: katika Mathayo 23:23 Yesu anawakemea Mafarisayo wanaolipa zaka za mnanaa, bizari na jira huku wakiacha haki na rehema. Bizari ya hapo ni shibiti hii, si ile ya mchuzi. Ulaya nako, mfalme Charlemagne aliiorodhesha miongoni mwa mimea ya kupandwa katika mashamba yake.

Katika tiba za kale, mojawapo ya sifa zake kubwa ilikuwa kuondoa gesi tumboni na kutuliza msokoto wa tumbo. Kwa hiyo William Woodward, mfamasia wa Nottingham nchini Uingereza, hakubuni jambo geni alipoanza kutengeneza dawa yake mwaka 1851. Alichanganya mafuta ya shibiti, soda ya kuokea (baking soda), sukari, maji na kileo. Ndiyo Woodward's Gripe Water, iliyosambaa katika makoloni ya Waingereza, Afrika Mashariki ikiwemo. Kileo kile hakikuwa kidogo kwa mtoto mchanga, kama asilimia 3.6, na nchini Uingereza kiliondolewa mwaka 1992 tu. Nadhani utulivu wa watoto wengi wa zamani ulitokana nacho, na na sukari, kuliko shibiti yenyewe.

Hata hivyo shibiti si harufu tupu. Mbegu zake zina mafuta yenye kemikali iitwayo karvoni, ile ile inayokipa kiungo cha kisibiti harufu yake. Katika majaribio ya maabara, shibiti imeonekana kulegeza misuli ya utumbo wa panya iliyokuwa imekazana. Utumbo ukilegea, gesi hupata njia na maumivu hupungua. Kwa mtu mzima aliyeshiba kupita kiasi, kijiko kidogo cha mbegu zilizopondwa na kuloweshwa katika maji ya moto ni kinywaji kizuri.

Kwa mtoto mchanga nasema wazi: tusimpe. Shirika la Afya Duniani linasisitiza maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, hata maji yasiwepo, na chango kwa kawaida huisha lenyewe mtoto akifikisha miezi mitatu au minne. Akiwa na homa, akitapika sana au akikataa kunyonya, apelekwe kwa daktari.

Wagujarati wa India wana desturi nyingine ninayoipenda zaidi. Mbegu hizo, wanazoziita suva, hutafunwa na mama aliyejifungua, wakiamini zinaongeza maziwa na kumpunguzia gesi. Anayehudumiwa ni mama.

Majani yana kazi yao jikoni. Wairani huyachanganya na wali na maharage mapana wakapata baghali polo. Warusi na Wapolandi huyatia pamoja na vichwa vya mbegu katika mitungi ya matango ya chumvi, na pia huyanyunyizia viazi vya kuchemsha. Ukiyapata mabichi, yatie chungu kikikaribia kuepuliwa, maana moto wa muda mrefu huyamaliza harufu.