Bawasiri: choo cha kwanza baada ya upasuaji huandaliwa wiki mbili kabla

Wagonjwa wengi wanaopangiwa upasuaji wa bawasiri huuliza habari za kisu: mtakata wapi, itachukua muda gani, nitasikia? Upasuaji wenyewe huchukua nusu saa hivi, na ganzi hufanya kazi yake. Kinachowatesa watu huja baadaye, kati ya siku ya pili na ya nne, pale choo cha kwanza kinapopita juu ya vidonda vibichi. Aliyelainisha choo mapema ataumia, lakini atapita salama. Aliyepanda kitanda cha upasuaji akiwa na siku nne hajapata choo atateseka sana. Maelekezo mengi ninayotoa yanazunguka choo hicho kimoja.

Maumivu yana sababu ya kimaumbile. Sentimita mbili hivi kutoka nje, ndani ya njia ya haja kubwa, kuna mstari ambapo ngozi hukutana na utando wa utumbo. Juu ya mstari huo hakuna neva za maumivu kama za ngozini. Chini yake zimejaa tele. Ndiyo maana kufunga bawasiri ya ndani kwa kipete cha mpira, kinachowekwa juu ya mstari, mara nyingi huleta uzito tu kwa siku moja au mbili, lakini kuikata pamoja na ngozi ya nje kunauma kwa siku kumi na zaidi. Na chini ya kidonda upo msuli wa kubana. Ukichokozwa hukaza wenyewe bila wewe kuuamuru, na mkazo huo ndio maumivu makali ya ghafla yanayomshika mgonjwa hata akiwa amelala.

Muulize daktari wako anafanya njia ipi. Ile ya Milligan na Morgan, iliyoandikwa London mwaka 1937, hukata vinyama na kuacha vidonda wazi vijifunge vyenyewe. Ya Ferguson, iliyotoka Marekani, hushona vidonda. Kuna mashine inayokata mkanda wa utando juu ya mstari na kuubana kwa pini, na kuna njia ya kufunga mishipa inayopeleka damu kwenye bawasiri bila kukata kitu. Hizi mbili za mwisho haziumi sana mwanzoni, lakini bawasiri hurudi mara nyingi kuliko ikikatwa. Kwa bawasiri ya daraja la nne, inayoning'inia nje muda wote na hairudi ndani hata ukiisukuma, mimi bado naona kukata ndiko kunakomaliza kazi.

Jambo moja lisirukwe kabla ya yote: damu chooni isisingiziwe bawasiri kabla utumbo mpana haujachunguzwa, hasa kama umefikisha miaka 45, umepungua uzito, mwenendo wa choo umebadilika, damu imepungua mwilini au kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo. Mtu anaweza kuwa na bawasiri na saratani kwa wakati mmoja, na bawasiri ndiyo inayoonekana.

Wiki mbili kabla

Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda. Panda polepole. Ukiongeza zote siku moja utajaa gesi, tumbo litanguruma, na utaacha. Chakula kisipotosha, tumia unga wa ispagula: pakiti ya gramu 3.5 kwenye glasi iliyojaa maji, koroga na unywe palepale kabla haujawa uji mzito, kisha fuatisha glasi nyingine. Maji yawe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa kama moyo au figo zako zimewekewa kiwango. Nyuzinyuzi bila maji huganda tumboni, na mtu hujikuta amefunga choo kuliko alivyoanza.

Siku mbili hadi nne kabla ya upasuaji, anza pia dawa ya kulainisha choo, kwa mfano laktulosi mililita 15 asubuhi na jioni, au makrogoli pakiti moja au mbili kwa siku. Usingoje ukatwe ndipo uanze, kwa sababu laktulosi huchukua siku mbili kufanya kazi. Unachotafuta ni choo kinachotoka kwa wepesi wa dawa ya meno inayokamuliwa kwenye tyubu, kimoja, laini, chenye umbo. Kikiwa maji, punguza dozi. Kuhara kunachoma vidonda na kukulazimisha kwenda chooni mara kumi. Tena choo cha maji hakipanui njia wakati inapona, na choo chenye umbo ndicho kinachoizuia isibane.

Dawa unazotumia zitaje zote, hata za mitishamba. Warfarini kwa kawaida husimamishwa siku tano kabla, klopidogreli siku tano hadi saba, lakini usiache dawa ya kuzuia damu kuganda kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwenye vali ya bandia au kijibomba cha chuma kwenye mshipa wa moyo anaweza kufa kwa kuiacha bila mpango. Wenye kisukari waulize mapema watafanya nini na dawa ya asubuhi ile ya kufunga kula.

Nyumbani andaa beseni pana la kukalia, stuli fupi ya kukanyagia chooni yenye kimo cha sentimita 20 hivi, pedi, gozi, chupi za pamba zisizobana na dawa zako zote zikiwa zimeshanunuliwa. Sipendi kuona mgonjwa anaruhusiwa saa kumi jioni ndipo ndugu aanze kuzunguka kutafuta laktulosi.

Siku yenyewe

Chakula kisimame saa sita kabla ya ganzi, maji matupu saa mbili kabla, labda uelekezwe vingine. Kusafisha utumbo wote kwa dawa ya kuharisha hakuhitajiki. Baadhi ya madaktari huagiza enema ndogo, yaani dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, asubuhi ili sehemu ya chini iwe tupu. Ganzi inaweza kuwa ya mgongo au nusu kaputi, na mara nyingi daktari huchoma pia dawa ya ganzi kuzunguka tundu ili saa za kwanza zipite kwa utulivu. Utulivu huo una mwisho. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, usingoje yaanze.

Tatizo la kwanza linaloweza kukupata ni mkojo kukataa kutoka. Ganzi ya mgongo hulaza kibofu, maumivu hukaza misuli ya chini ya nyonga, na dripu nyingi hujaza kibofu ambacho hakiwezi kusukuma. Usinywe maji kwa fujo ukidhani utausukuma. Simama ukiweza, fungua bomba la maji karibu, au jimwagie maji ya vuguvugu sehemu za siri. Zikipita saa sita hadi nane hujakojoa, au tumbo la chini limejaa na linauma, unahitaji mpira wa mkojo, na haina maana ya kuuogopa wala kuuchelewesha.

La pili huwashangaza wengi: utajisikia kana kwamba choo kipo mlangoni. Mara nyingi hakipo. Ni uvimbe, na wakati mwingine ni kipande cha sponji kilichowekwa kuzuia damu, ambacho kama ni cha kuyeyuka kitatoka chenyewe. Usikivute na usikisukume. Kukamua katika saa hizi kunaanzisha damu.

Dawa za maumivu

Zimezwe kwa saa. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima na uzito wa kutosha. Ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane pamoja na chakula, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mjamzito au mwenye pumu inayochochewa nayo. Kodeini na tramadoli zinatuliza, lakini zinafunga choo, na hapo unakuwa umekopa maumivu ya kesho. Ukipewa, iwe kwa siku chache na kamwe isiwe bila dawa ya kulainisha choo. Madaktari wengi huongeza metronidazoli, dawa ya kuua bakteria, kwa siku tano hadi saba, na imeonekana kupunguza maumivu.

Kwa mkazo wa msuli kuna marhamu ya diltiazemu ya asilimia 2, au ya nitrogliserini. Kiasi cha punje ya njegere, kwa kidole chenye glavu, ukingoni mwa tundu, usiingize ndani. Nitrogliserini huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, kwa hiyo ipake ukiwa umekaa, na usiitumie kabisa ikiwa unatumia dawa za nguvu za kiume za aina ya sildenafili.

Choo cha kwanza

Tegemea kipindi cha baada ya kifungua kinywa, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka. Meza dawa yako ya maumivu nusu saa hadi dakika arobaini kabla. Hamu ikija, nenda. Ukiizuia, choo kinaendelea kunyonywa maji na kukauka.

Kaa, weka miguu kwenye stuli magoti yapande juu ya nyonga, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Fungua mdomo. Pumua nje taratibu huku ukiliacha tumbo lijitokeze mbele. Ukifunga mdomo na kubana pumzi umeshaanza kukamua. Kitatoka kwa mwendo wake, kitauma, na maji ya chooni yatabadilika rangi: matone machache ya damu hugeuza choo kizima kuwa chekundu, hilo peke yake si hatari. Dakika tano zikipita bila kitu, nyanyuka, ujaribu baadaye. Simu iache chumbani, kwa sababu kukaa muda mrefu bila kuegemeza makalio kunavimbisha kidonda.

Usifute kwa karatasi kavu. Jimwagie maji, kisha kalia beseni lenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15. Yapime kwa kiwiko, yawe kama ya kumwogeshea mtoto. Maji yanatuliza kwa kulegeza ule msuli, si kwa kuua vijidudu, hivyo usitie dawa ya kusafishia vidonda, inaunguza. Chumvi si lazima. Rudia mara mbili tatu kwa siku na kila utokapo chooni, ujikaushe kwa kugusagusa, kisha weka gozi iliyokunjwa katikati ya makalio ikamate unyevu.

Siku ya tatu imekwisha na hakuna kitu? Ongeza dozi ya makrogoli au uongeze sena, dawa inayousukuma utumbo, kwa maelekezo ya daktari, na siku ya nne piga simu. Enema na dawa za kuingiza usizitumie bila ruhusa ya aliyekupasua. Kuna mtego mmoja hapa: mgonjwa anavuja maji maji ya choo, anadhani anahara, anaacha kulainisha na kumeza loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe choo kigumu kimeziba na maji yanapita pembeni yake. Ukivuja huku unahisi uzito ndani, hiyo ni ya kumwona daktari siku hiyohiyo.

Ya kukimbilia hospitali

Kati ya siku ya 5 na ya 14 kigaga cha kidonda huachia, na wachache hutokwa damu nyingi wakati tayari wanajiona wamepona. Damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, mabonge ya damu, au kizunguzungu ukisimama, havisubiri asubuhi. Vivyo hivyo homa pamoja na maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa mkojo ukikataa pia. Maambukizi ya eneo hili ni machache, lakini yakienea yanakwenda kwa kasi.

Uteute wa njano kwenye gozi kwa wiki kadhaa ni wa kawaida kwa vidonda vilivyoachwa wazi, na havifungi kabla ya wiki nne hadi sita. Vivimbe vya ngozi ukingoni husinyaa taratibu. Kushindwa kuzuia upepo wa tumboni siku za mwanzo hutokea na kwa wengi huisha. Kutembea kuanze siku ya kwanza. Kazi ya mezani wengi hurudi baada ya wiki moja au mbili, mizigo mizito ingoje wiki mbili tatu. Gari usiendeshe mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu bila kusita, na usiwe unatumia dawa zinazoleta usingizi. Dawa ya kulainisha choo ipunguze taratibu baada ya wiki mbili hivi, nyuzinyuzi zibaki.

Ukirudi kliniki wiki ya sita, uliza majibu ya maabara ya nyama iliyokatwa kama ilipelekwa, na ueleze umbo la choo. Kikianza kutoka chembamba kama penseli na ukalazimika kukamua, njia imeanza kubana, na mapema hivi mara nyingi hurekebishwa kwa nyuzinyuzi na kupanuliwa polepole na daktari.