Pawa saplai iliyokufa: si kila chenye miguu mitatu ni transista

Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, kesho yake Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, hujaa watu wenye bodi za TV na kompyuta mikononi. Wengi wameshaamua kilichoungua kwa kukitazama sura tu, na sura ndiyo inayodanganya. Hizi ndizo kauli zao kuhusu pawa saplai, sehemu inayogeuza stima ya ukutani kuwa volti ndogo za kifaa.

“Nimeichomoa, kwa hivyo haina stima.” Stima yetu ya volti 240 ikishageuzwa kuwa mkondo mnyoofu hufika takriban volti 340, nazo hukaa ndani ya ile kapasita kubwa (kihifadhi chaji) ya volti 400 au 450. Pawa saplai iliyokufa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa huenda hakuna kinachoimaliza chaji hiyo. Itoe kwa rezista (kipinga mkondo), si kwa bisibisi, halafu uhakikishe kwa mita.

“Miguu mitatu ni transista.” Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Geuza bodi kwanza, utafute ule mkanda usio na shaba unaotenga upande wa stima na upande wa volti ndogo. Kilichofungwa kwenye bamba la alumini upande wa stima mara nyingi ni mosfeti, aina ya transista inayowasha na kuzima mkondo kwa kasi. Upande wa pili, pacha wake wa sura huwa ni diodi mbili (vipitisha mkondo upande mmoja tu) ndani ya ganda moja; MBR20100, kwa mfano, ni ya ampea 20 na volti 100. Na kale keusi kadogo karibu na optokapla (kinachopitisha ishara kwa mwanga kati ya pande hizo mbili), kalikoandikwa TL431? Hako hulinganisha volti inayotoka na kipimo chake cha ndani cha volti 2.5. Ukiweka transista mahali pake, pawa saplai haitajua ikome wapi.

“Kisahani cha buluu ni kapasita.” Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kikiwa baada ya fyuzi na kimeandikwa 14D471, ni varista, kinga dhidi ya volti zikizidi: kipenyo milimita 14, volti 470. Kinachovuka ule mkanda, chenye alama ya Y1, ndicho kapasita, na kapasita ya kawaida haiwezi kushika nafasi yake kwa usalama. Cheusi au kijani chenye 5D-9 ni themista ya omu 5 ikiwa baridi, ya kutuliza mkurupuko wa stima unapowasha.

“Fyuzi imekatika, weka nyingine.” Kioo chake kikiwa cheusi, mbele yake kuna kilichoshoti: pima diodi nne za kuingilia, kisha mosfeti. (Wanaofunga waya juu ya fyuzi, sina la kuwaambia.) Ukishabadilisha, washa kwanza kupitia balbu ya wati 60 ya aina ya zamani, yenye waya ndani, iliyounganishwa mfululizo. Ikiwaka sana bila kufifia, bado kuna shoti.

“Kapasita haijavimba, basi ni nzima.” Inaweza kukauka ndani huku kichwa chake kikiwa bapa kabisa. Mita ya ESR, inayopima upinzani wa ndani wa kapasita, huigundua kwa sekunde chache.