Je, wajua jino lililotoboka liliweza kuzibwaje bila mashine wakati wa UVIKO-19?

Ile mashine ya daktari wa meno yenye mlio mkali huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika. Kwa kasi hiyo jino lingepata moto, ndiyo maana hunyunyiziwa maji muda wote. Maji hayo yakichanganyika na mate huruka kama ukungu, na chembe ndogo huendelea kuelea chumbani hata mgonjwa akishaondoka. UVIKO-19 ilipoenea, hofu ikawa juu ya ukungu huo. Agosti 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri huduma za meno zisizo za dharura ziahirishwe mahali ambapo maambukizi yameenea katika jamii.

Mwenye meno mazima aliweza kusubiri. Lakini aliye mbali na kliniki, anayetegemea timu ya madaktari wanaopita kwa nadra, alibaki na tundu linalozidi kuchimbika. Vidonge vya maumivu hutuliza tu, haviponyi tundu. Uozo ukifika kwenye mshipa, asiye na uwezo wa matibabu marefu huishia kung'olewa.

Njia nyingine ilikuwepo zamani. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, wataalamu walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono pekee, kwa ajili ya watu wasiofikiwa na umeme wala kliniki. Daktari hukwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, hukausha tundu kwa pamba, kisha hushindilia kwa kidole saruji maalumu inayoshika jino na kutoa floridi. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Hufaa zaidi tundu likiwa upande mmoja wa jino. Likienea pande kadhaa, kizibo huwahi kutoka.

Ipo pia dawa ya majimaji yenye madini ya fedha na floridi, inayopakwa kwa brashi ndogo. Fedha huua bakteria, floridi huimarisha jino, uozo husimama. Hulifanya tundu kuwa jeusi kwa kudumu, na mzazi ana haki ya kuambiwa hilo kabla mtoto hajapakwa.

Mwaka 2021 WHO iliingiza dawa hiyo na saruji ile katika orodha yake ya dawa muhimu, na ilistahili. Kuziita matibabu ya maskini ni kuwakosea wanaozihitaji. Ila dawa hiyo kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi sita hivi, kwa hiyo timu inayofika mara moja na kutoweka haijamaliza kazi.